Jina la Kariakoo na Vita Kuu ya 1914 hata 1918



Katika somo letu lililopita tulieleza habari za mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na jinsi mataifa ya Ulaya yalivyogawana nchi zetu juu ya karatasi. Leo twataka kueleza tukio lililozigawa nchi hizo mara ya pili, yaani Vita Kuu ya kwanza. Lakini hatutaanzia Ulaya kama vitabu vingi vifanyavyo. Tutaanzia hapa hapa sokoni.

Juma lililopita tulikuwa tukipita Mtaa wa Kongo baada ya kazi, tukamwuliza kijana mmoja auzaye vitambaa, maana ya jina Kariakoo ni nini. Akafikiri kidogo, akajibu kuwa ni neno la Kizaramo. Jirani yake akamcheka, akasema sivyo, ni jina la Mhindi aliyekuwa na duka pale zamani. Tusiwacheke sana vijana hao. Sisi wenyewe tuandikao jina hilo kila siku juu ya bahasha, tukiulizwa kwa ghafula, ni wangapi tungejibu sawasawa? Nasi tulipokuwa katika shule ya misheni tulikaririshwa mji wa Sarajevo na tarehe yake hata tukaweza kuitaja usingizini, wala hatukuambiwa neno moja juu ya Kariakoo.

Basi jina hilo ni la Kiingereza lililopita katika vinywa vyetu: Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Nairobi nako wana mtaa wao uliozaliwa na jina lilo hilo, nao huuita Kariokor.

Tarehe ya Sarajevo ni 28 Juni 1914. Siku hiyo mrithi wa kiti cha enzi cha Austria, Franz Ferdinand, alipigwa risasi na kijana Gavrilo Princip. Mataifa ya Ulaya yalikuwa yamefungamana kwa mapatano kama watu waliofungwa kamba moja viunoni: akianguka mmoja, huwavuta wenziwe. Austria ikaipiga Serbia, Urusi ikasimama na Serbia, Wadachi wakasimama na Austria, Ufaransa ikaingia, na ilipofika 4 Agosti Uingereza nayo ikaingia. Siku nne tu baadaye, 8 Agosti, manowari ya Kiingereza Astraea ikapiga mizinga mnara wa simu ya upepo hapa Dar es Salaam. Tazameni upesi wake! Mvuvi wa Magogoni hakumjua Franz Ferdinand wala Princip, bali kishindo cha ugomvi wao kilimfikia kabla hata majuma sita hayajatimia.

Mapigano yenyewe tutayapita haraka, kwa kuwa yameandikwa mahali pengi. Novemba 1914 Waingereza walishindwa Tanga. Manowari ya Wadachi, Königsberg, iliangamizwa katika mto Rufiji Julai 1915. Mwaka 1916 Jenerali Smuts aliingia kwa majeshi mengi kutoka kaskazini, na mwanzoni mwa Septemba mwaka huo Waingereza wakautwaa mji wetu. Jemadari wa Wadachi, Lettow-Vorbeck, hakukubali kukamatwa. Alirudi nyuma siku zote, akapigana sana huko Mahiwa Oktoba 1917, kisha akavuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno.

Hapa ndipo jambo letu lilipo. Jeshi likimfukuza adui hata kusini ya Rufiji, litakula nini? Reli haikufika huko. Motokaa zilizama katika matope ya masika. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa maelfu kwa ajili ya mbung'o. Ikabaki kichwa cha mwanadamu.

Ninyi ni makarani, mwaijua hesabu. Tufanye basi hesabu ya mfano. Mtu mmoja abebe ratli 50 za unga, na posho yake iwe ratli 2 kwa siku. Askari wako mbali mwendo wa siku kumi. Mpagazi atakula ratli 20 akienda na ratli 20 akirudi. Yatakayofika kwa askari ni ratli 10 tu. Askari naye akila ratli 2 kwa siku, mzigo wa safari ile nzima unamtosha siku tano. Adui akirudi nyuma mwendo wa siku mbili na nusu tu zaidi, mzigo wote huliwa njiani, na askari hapati kitu ila kwa kuwekewa wapagazi wengine wa kuwabebea wapagazi chakula. Wala hatujataja risasi, dawa, mahema, na majeruhi waliochukuliwa katika machela. Kwa hiyo Lettow-Vorbeck kila alipopiga hatua kwenda kusini, vijiji vya nyuma yake vilidaiwa vijana wengine.

Kwa jumla Waingereza waliwatumia wapagazi yapata milioni moja katika vita hivyo. Wa kwanza wengine walikwenda kwa hiari yao, wakitaka mshahara. Lakini mwaka 1917 watu walikamatwa kwa nguvu. Hawakufa kwa risasi sana. Walikufa kwa kuhara damu, homa, na kichomi, kwa baridi ya mvua wasiyo na blanketi la kutosha, na kwa unga wa mahindi usioiva vema, tena wengine ambao tangu kuzaliwa walikula ndizi au mtama. Hesabu za serikali zilitaja waliokufa zaidi ya 40,000. Wako wataalamu wa tarikhi waonao kwamba walikaribia 100,000. Upande wa Wadachi hesabu haikutunzwa vema, nao waliwachukua wapagazi vilevile. Tena mashambani waliobaki ni wanawake, wazee na watoto, na chakula chao kikachukuliwa na majeshi yote mawili. Njaa iliyoingia Ugogo wakati huo Wagogo waliipa jina, Mtunya, nayo iliua watu kwa maelfu.

Sasa tuje katika kazi yetu ya ukarani. Mpagazi alipoandikwa alipewa kipande chenye nambari. Lakini mtu wa kwetu ana jina la kuzaliwa, ana la jandoni, ana na la dini. Karani humwandika kama alivyosikia, na jina la kijiji hukosewa herufi mbili. Mtu huyo akifa Kilwa au Lindi, mshahara wake hubaki katika daftari, na jamaa zake hawaonekani. Ndivyo ilivyokuwa kwa maelfu, na fedha hizo hazikufika kwa wajane na yatima. Katika ukoo wa mmoja wetu yuko babu aliyechukuliwa vitani asirudi. Ukoo unamkumbuka, ila katika karatasi hayumo. Kwa hiyo mtu atuambiaye kwamba herufi moja si kitu, sisi hatukubaliani naye.

Na jumba je? Wadachi walikuwa wamejenga kabla ya vita jumba kubwa lililokusudiwa sherehe za kumwadhimisha Kaizari wao. Waingereza walipoutwaa mji waliwaweka wapagazi wao mahali hapo, na baada ya vita jumba likafanywa soko. Watu walikuwa wamekwisha kuzoea kusema twaenda Kariakoo, na jina halikuondoka tena. Soko lile la kale lilibomolewa, likajengwa lingine kwa ramani ya Beda Amuli, likafunguliwa 1975; nalo lilipata moto Julai 2021. Kuta zimebadilika mara kadha wa kadha, jina ni lile lile.

Sanamu ya Askari iliyo katikati ya mji wetu ilizinduliwa 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Mdachi Wissmann. Juu yake amesimama askari peke yake na bunduki. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini, ila hakuna aliyesimamishwa pale juu. Nairobi mpagazi amesimama pamoja na askari.

Vita vilikoma Ulaya 11 Novemba 1918, lakini habari zilichelewa, na Lettow-Vorbeck akaweka silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala katika Zambia, 25 Novemba. Katika siku hizo 14 wapagazi walikuwa bado chini ya mizigo. Kisha kwa mkataba wa Versailles wa 1919 Wadachi waliachishwa makoloni yao. Rwanda na Burundi wakapewa Wabelgiji, na nchi yetu wakapewa Waingereza, ikaitwa Tanganyika tangu 1920. Waliobeba mizigo hawakuulizwa shauri.

Twawaomba wanachama wote ambao kwao kuna kipande cha zamani, au jina la mzee aliyechukuliwa katika vita hivyo, wamletee Katibu kabla ya mkutano ujao: jina kamili, kijiji, na lolote likumbukwalo. Katibu amekwisha kutenga daftari. Waandikeni kwa herufi zinazosomeka.