Chunusi na Vidonge vya Vitamini: Tuulize Kabla ya Kuacha Dawa

(Mada iliyotolewa na kitengo chetu cha afya katika semina ya akina mama na vijana)



Tuanze na jambo lililotokea katika kikundi chetu. Mwenzetu mmoja, mjamzito wa miezi mitano, alitokwa na chunusi nyingi usoni na kifuani. Majirani wakamwambia, "Ni vile vidonge vya kliniki." Akaviacha kwa wiki tatu. Alipokwenda kupimwa, damu ilikuwa imepungua. Muuguzi hakumgombeza, bali alimwomba alete kila dawa aliyokuwa akimeza. Ndani ya mfuko mlikuwa na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki, pamoja na chupa ya vitamini B zenye nguvu aliyojinunulia dukani kwa ajili ya uchovu.

Je, vitamini zinaweza kuleta chunusi? Ndiyo, baadhi yake, kwa baadhi ya watu. Zinazotajwa zaidi ni B12 na B6 zikitumiwa kwa wingi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza jinsi inavyoweza kutokea. Kwenye ngozi zetu wanaishi bakteria ambao hujitengenezea B12. Wakiikuta kwa wingi, hupunguza kuitengeneza na badala yake hutoa kemikali iitwayo porfirini, ambayo huweza kuifanya ngozi ivimbe. Watu 10 wenye ngozi safi walichomwa sindano ya B12, na mmoja wao alitokwa na chunusi baada ya wiki moja. Utafiti huo ulikuwa mdogo, lakini unatufundisha kwamba si kila mtu hudhurika.

Tukumbuke pia kipimo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu za B12 kwa siku, na mjamzito 2.6. Viko vidonge vyenye mikrogramu 1,000, yaani zaidi ya mara 400! Mtu anayekula samaki, dagaa, mayai, nyama au maziwa mara kwa mara kwa kawaida hupata B12 ya kutosha.

Mwenzetu alishauriwa kuacha ile chupa na kurudia vidonge vya kliniki. Baada ya wiki kadhaa chunusi zilikauka. Hatuwezi kuapa kwamba chupa ndiyo iliyokosa, maana hata ujauzito wenyewe huleta chunusi. Tunachojua ni kwamba alikuwa ameacha kilichomlinda na kuendelea na asichokihitaji. Mama mwenye upungufu wa damu akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, maisha yake huwa hatarini. Chunusi hazina hatari hiyo.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne:

1. Chunusi zikitokea ghafla, jiulize umeanza kumeza nini au umechomwa sindano gani wiki za karibuni.

2. Peleka pakiti na chupa zote kwa mhudumu wa afya. Usifiche ulichonunua dukani.

3. Usiache mwenyewe dawa uliyoandikiwa. Mgonjwa wa kifua kikuu hupewa B6 ili kulinda mishipa ya fahamu. Mgonjwa wa kisukari anayetumia metformini anaweza kupungukiwa B12 na kuihitaji kama tiba. Chunusi zikikusumbua, mwambie aliyekuandikia.

4. Usikimbilie mikorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina steroidi, nazo zenyewe huleta chunusi.

Vijana wetu, tunajua chunusi zinaumiza moyo, na wapo wanaokwepa hata kuja mikutanoni kwa aibu. Tusiwacheke. Na kila mmoja wetu akumbuke kwamba kuuliza si ujinga. Kabla ya kutupa kidonge, au kununua kingine, tuulize kwanza.