Goti Likivimba, Magongo Chini

Katika uwanja wa City Park, Nairobi, mchezaji wa magongo hukimbia akiwa ameinama, kisha hugeuka ghafla. Hapo ndipo goti huumia.

Akisikia mlio ndani ya goti, nalo likavimba ndani ya saa chache, huenda kano ya katikati ya goti imekatika. Atoke uwanjani papo hapo! Barafu iliyofungwa kwa kitambaa iwekwe dakika 15 hadi 20, mguu uinuliwe juu ya mto. Kuchua kwa mafuta ya moto, desturi ya wengi, huzidisha uvimbe siku za mwanzo.

Aliyefanyiwa upasuaji wa kano hiyo hushauriwa kusubiri angalau miezi 9 kabla ya kurudi uwanjani, akiimarisha misuli ya paja.

Mguu usioweza kukanyaga upelekwe hospitali siku hiyohiyo.