Mtumbwi Huanzia Msituni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa kamati za sharika, Ilula)



Ilula hatuna ziwa. Tuna nyanya na barabara kuu. Mtashangaa tukizungumzia mitumbwi. Lakini swali linalosumbua sharika zetu, kwamba miti mikubwa ya matambiko ikatwe au iachwe, watu wa majini wamekutana nalo kabla yetu.

Twende Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Siku za Jumamosi vyungu vya akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe huletwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo. Mtumbwi wa ziwa lile ni gogo moja, limechongwa kwa shoka na tezo. Fundi huacha mdomo mwembamba juu na tumbo pana ndani. Kazi hiyo haifanyiki kwa mti wa miaka kumi. Inataka mti ambao babu yake fundi aliukuta, akaupita.

Na kwa nini aliupita? Mahali pengi ulikuwa mwiko. Msitu wa Lubaga, mahali pa Lwembe katika nchi ya Wanyakyusa, uliheshimiwa kwa hofu. Ufukweni karibu na Matema lipo pango la Pali-Kyala, yaani mahali pa Kyala. Wamisionari wa Kijerumani walifika nchi ile mwaka 1891, na jina hilohilo la Kyala likawa jina la Mungu katika ibada za Kinyakyusa mpaka leo. Ikiwa jina liliweza kubatizwa, sisi tunaona mti nao unaweza kusamehewa.

Visiwani Hawaii, katika Bahari ya Pasifiki, fundi wa mitumbwi alikuwa pia mtu wa sala. Kabla ya kukata mti wa koa alimtazama ndege mdogo aitwaye elepaio: akidonoadonoa gogo, basi lina wadudu, mti unaachwa. Imani na ufundi vilikwenda pamoja. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipotaka kujenga mtumbwi mkubwa wa Hawaiʻiloa, walizunguka misitu yao wasipate koa mbili zenye unene wa kutosha. Magogo yalitolewa zawadi na wenyeji wa Alaska, mbali sana. Ufundi ulikuwepo, mti haukuwepo.

Kwetu miti huishia kwenye mkaa, mbao na matenga ya nyanya. Tunasikia wakristo wema wakisema, “Ile ni ya mizimu, ikatwe tujengee.” Tunawaelewa, ila hatukubaliani nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu misitu ya matambiko ya Wanyamwezi, Tabora, ulionyesha kuwa ilikuwa na aina nyingi zaidi za miti kuliko msitu wa hifadhi wa serikali uliolinganishwa nayo. Kwa wafadhili tunasema wazi: misindano na mikaratusi tunayopanda ni mizuri kwa mbao, lakini haichukui nafasi ya msitu wa namna hiyo.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga hifadhi yake chenyewe, kwa uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji. Hapo hatuhitaji tambiko wala shoka, bali muhtasari wa kikao.

Tunaomba kila kamati ije kikao kijacho na orodha ya vichaka vya zamani vilivyobaki katika eneo lake, na mzee mmoja anayejua kwa nini viliachwa. Aje hata kama si msharika.