BETRI YA SOLA ISILALE NA NJAA

Mazungumzo yetu ya leo si ya mbegu wala mbolea, ni ya betri. Najua wapo watakaouliza, bwana shamba na betri wapi na wapi? Lakini hebu tazameni. Siku hizi nyumba nyingi za vijijini zina paneli ya sola juu ya paa na betri ya volti 12 chini ya meza. Taa ya banda la vifaranga inategemea betri hiyo. Simu ya kuulizia bei ya mahindi hivyohivyo. Mtoto naye anasomea taa hiyohiyo.

Paneli nzuri hufanya kazi zaidi ya miaka 20. Betri ya maji, isipotunzwa, yaweza kufa kabla ya mwaka kwisha. Mkulima anauza mbuzi, ananunua nyingine, nayo inakufa vilevile. Anasema ameuziwa kitu kibovu. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi betri imeuawa nyumbani.

Ndani ya betri mna vyumba sita, kila chumba kina sahani za risasi zilizozama katika asidi iliyochanganywa na maji. Unapowasha taa, sahani zinajipaka utando wa chumvi nyeupe. Ukichaji, utando unayeyuka na kurudi kwenye asidi. Ukiiacha betri siku nyingi bila kujaa, chumvi ile inakuwa ngumu, haiyeyuki tena, na sehemu ile ya sahani imekufa. Ni kama ng'ombe wa maziwa: kukamuliwa hakumdhuru, ila ukimkamua kila siku bila kumlisha atakwisha. Basi shikeni neno hili moja: betri isilale na njaa.

Sasa kile kisanduku kidogo kati ya paneli na betri, yaani kidhibiti chaji. Betri ikishuka sana, kidhibiti hukata umeme, taa zinazimika. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu. Mpira bado unachezwa, au kuna wageni, basi mtu anachukua waya na kuunga taa moja kwa moja kwenye betri. Ndugu zangu, kukata kule si ubovu, ni ulinzi. Kila ukikizunguka kidhibiti unakula mtaji.

Tupige hesabu kidogo. Chukua betri ya ampea-saa 50; namba hiyo imeandikwa ubavuni. Zidisha kwa volti 12, unapata wati-saa 600. Usitumie zaidi ya nusu, yaani 300. Taa tatu za wati 5 kwa saa nne ni 60. Redio ya wati 5 kwa saa sita ni 30. Simu mbili, tuseme 20. Jumla 110. Hapo hata jua likikosekana siku mbili, huna wasiwasi.

Sasa ongeza televisheni ya wati 40 kwa saa nne. Hizo ni 160 nyingine, jumla inafika 270. Paneli ya wati 50, ikipata jua kali saa tano, inatoa 250 kwa wingi, na sehemu yake hupotea njiani. Kila siku linabaki deni, na betri inalala na njaa. Ama uongeze paneli, ama televisheni iwe ya siku mojamoja.

Wakati wa masika deni hili huja lenyewe, kwa kuwa mawingu hayaishi. Punguza matumizi, ubakize taa na simu. Ikibidi, ipeleke betri senta ikachajiwe. Mwambie mwenye chaja asizidishe sehemu moja ya kumi ya namba ya betri. Kwa betri ya 50, ampea 5. Ikiwa tupu itachukua saa 10 hadi 12, au zaidi. Anayekuahidi saa mbili anaichemsha tu.

Utajuaje hali ya betri? Tumia mita ya volti. Kikundi kizima mnaweza kununua moja. Pima alfajiri, taa zote zimezimwa na jua halijaipiga paneli. Ikisoma 12.6 au zaidi, imejaa. Ikisoma 12.2, imebaki kama nusu. Ikifika 11.9 imekwisha, ichaji siku hiyohiyo. Andika kila juma kwenye daftari. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kama betri yako ina vifuniko vya kufungua, kagua maji kila mwezi. Sahani zifunikwe kwa kiasi cha sentimita moja. Yakipungua, ongeza maji safi yasiyo na chumvi yanayouzwa kwa kazi hiyo, baada ya betri kujaa. Maji ya kisima yana chumvi, usiyatie. Na hapa sikilizeni vizuri: dukani watu huita maji ya betri vitu viwili, maji yenyewe na asidi. Uliza kwanza, usome chupa. Kinachopungua ni maji, asidi hubaki ndani. Ukiongeza asidi unazila sahani. Betri isiyo na vifuniko usiifungue. Na hizi mpya za lithiamu hazitaki maji kabisa, ila zinataka chaja yake yenyewe.

Vichwa vikiota ukungu mweupe au wa kijani, fungua nyaya, anza na paneli, kisha betri. Safisha kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji, yasiingie ndani ya vifuniko, kausha, paka grisi. Ukirudisha, funga betri kwanza, paneli mwisho.

Betri inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Iweke penye kupitisha hewa, mbali na koroboi, sigara na watoto. Asidi ikikurukia machoni, osha kwa maji mengi angalau dakika 20, kisha nenda zahanati.

Mwisho, betri iliyokufa usiivunje kutafuta risasi. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sumu ya risasi, mahali watu walipokuwa wakichambua betri kuukuu. Irudishe nzima kwa muuzaji au mnunuzi wa betri chakavu.

Basi kesho alfajiri, kabla ya kushika jembe, ipitieni betri. Mwenye mita apime, asiye nayo akague maji na vichwa. Nawatakieni kazi njema. Kwaherini.