Shahidi mwenye hakukuwako

Maneno yaliyosomwa mbele ya washirika wote, Kisangani



Komite ilituomba tuseme juu ya lisiti. Tunajua kama wengine wamekuja na roho juu, wakifikiri leo tutasoma majina ya wenye makosa. Hapana. Tukianza kusoma majina, tutapaswa kuanza na yetu sisi wenye tulitia mukono chini ya ile karatasi.

Tukumbushane kwanza kitu kilicholeta lisiti. Tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana humu mu mji wetu, bomu zikianguka juu ya nyumba za watu. Wengi wetu tulikimbia, wengine mu pori, wengine mbali kabisa, na ndiyo sababu leo tunaitwa warudi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2010 iliandika kama raia waliokufa mu zile siku sita ni kati ya 244 na 760. Muangalie vizuri zile namba mbili. Katikati yake kuko watu 516, na mpaka leo hesabu yao haina hakika.

Tarehe 9 Februari 2022, Korti ya Kimataifa ya Haki kule La Haye ilikata maneno: Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na kati yake milioni 225 ni juu ya hasara ya watu. Serikali yetu ilikuwa imeomba zaidi ya miliari 11. Sababu za ile tofauti ni nyingi, lakini moja inatuhusu sisi: ushahidi. Kongo ilipeleka fishi za watu wenye waliumizwa, na wale wazuzi waliona kama nyingi hazikuwa na karatasi ya kuzisimamisha. Fishi bila ushahidi, mbele ya korti, ina uzito kidogo sana.

Sasa turudi kwetu. Tulianza lisiti yetu ili kusaidia washirika kutayarisha dosie. Ilianza vizuri. Kisha mu lisiti kukaingia kijana mwenye alizaliwa nyuma ya ile vita. Tukasema: baba yake alikufa, hata yeye ameteseka. Kukaingia mutu mwenye, mwaka 2000, alikuwa tayari kambini tangu miaka miwili. Tukasema: nyumba yake ilibakia hapa. Mwishoni kukaingia majina yenye hatukuuliza tena. Tukasema: kila mutu anafanya vile, na ile ni makuta ya Uganda, si ya mutu wa hapa.

Munaona vile tulishuka? Hakuna siku moja tulikaa tukasema "leo tudanganye". Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na sababu ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko ya pili. Wazee wanatuita watu wa Article 15: mujipange. Inasimuliwa kama ile neno ilitoka Kasai ya Kusini mu mwaka 1960, wakati watu waliofukuzwa walirudi kwao na wakubwa hawakuwa na kitu cha kuwapa. Walikuwa warudi kama sisi. Kujipanga kuliokoa watu, hatukuchekeleeni. Lakini kujipanga kwa kuuza mikate ni jambo moja, na kujipanga kwa kuuza neno lako ni lingine.

Jambo lenye linatuumiza zaidi ni la mama mumoja wa Mangobo. Bomu iliua mutoto wake. Hakuna mutu mu hii nyumba mwenye ana mashaka juu ya ile. Lakini hakuwa na karatasi hata moja, kwani nyumba iliungua. Basi mushirika wetu mumoja, kwa huruma, aliandika: "Niliona kwa macho yangu." Hakuona. Ile juma alikuwa ngambo ya mto, Lubunga. Na sisi tulijua, tukatia mukono, tukalala vizuri, juu tulifikiri uongo wenye kusaidia kweli si uongo.

Lakini fikirini kidogo. Siku mutu atauliza yule shahidi alilala wapi ile usiku, shahidi ataanguka. Akianguka, ataangusha nani? Si yeye. Ni mama. Watasema mutoto hakukuwako. Huruma yetu iliweka mutoto wa kweli mu lisiti moja na watu wa uongo, na kutoka inje mutu hawezi kuwatenganisha.

Basi tumefanya hivi. Ile lisiti tumeiondoa. Mupya iko na sehemu mbili: "niliona mwenyewe" na "nilisikia". Yote mbili iko na faida, lakini hazichanganywe. Mwenye hakukuwako aseme hakukuwako. Mpaka mwisho wa mwezi, kila mutu apite kwa sekreteri kutengeneza mustari wake. Hakuna amande, hakuna kufukuzwa, hakuna kuchekwa. Nyuma ya ile tarehe, komite haitatia mukono tena juu ya kitu chenye haikujua.

Mama wa Mangobo tulienda kumuona, tukamuambia tumetosha ile barua. Alinyamaza sana. Kisha aliuliza: "Kwa hiyo sasa sina kitu?" Hatukuwa na jibu lenye kufurahisha, na hatukutafuta moja. Tulirudi mu avenyu yake mara tatu, mulango kwa mulango, mpaka tukapata jirani wa zamani, muuza chikwangue, mwenye alisaidia kuchimba ile kaburi. Yeye hakuona bomu ikianguka. Aliona mutoto akizikwa. Aliandika ile tu.

Pengine haitatosha. Hatuwezi kumuahidi mama kama atalipwa. Lakini ile karatasi moja, mutu yeyote anaweza kuja kuiuliza, hata usiku, na itasimama.

Sekreteri yuko pale nyuma, na kalamu iko.