Viungo vya Tovuti Vifunguke Panapostahili
Hotuba ya Mkaguzi wa Ushirika kwa Makatibu wa Vyama vya Msingi



Nimeombwa nizungumze juu ya kasoro inayoonekana katika tovuti za baadhi ya vyama. Mwanachama hubonyeza kiungo cha bei ya mazao, na jedwali likafunguka ndani ya safu nyembamba ya orodha iliyo kushoto, limekatwa katikati. Orodha yenyewe hutoweka. Mwanachama asiyeweza kusoma bei ya chama chake huuza kwa bei aliyoambiwa na mlanguzi. Hapo ndipo hasara ilipo.

Asili ya kasoro hii ni fremu. Desturi ya kuligawa dirisha la kivinjari katika fremu ilianza na Netscape Navigator 2.0, ikaingizwa katika kanuni za HTML 4.0 mwaka 1997. Kila fremu hubeba ukurasa wake na huweza kupewa jina. Faida yake ni kwamba orodha hubaki kushoto huku kurasa zikibadilika kulia.

Lakini kiungo kisichoelekezwa hufunguka katika fremu ile ile kilimo. Fundi akisahau kutaja fremu inayokusudiwa, bei huingia ndani ya orodha. Akikosea jina la fremu, kivinjari hakiioni, hivyo hufungua dirisha jipya. Dawa yake si ngumu. Ikiwa fremu ya kulia inaitwa "kuu", kiungo kiandikwe target="kuu". Ikiwa viungo vyote vya orodha vinaelekea huko, yatosha kuandika maneno hayo mara moja tu, katika alama ya base iliyo kwenye kichwa cha ukurasa wa orodha.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo lahusu viungo vya nje, kama vile vya benki. Ukurasa wa nje ukifunguka ndani ya fremu yetu, anwani inayosomeka juu ya kivinjari hubaki ile ya chama. Mwanachama anayeandika namba yake ya siri hawezi kutambua kama yuko benki au mikononi mwa laghai. Kwa sababu hiyo tovuti nyingi hukataa kuonyeshwa ndani ya fremu za wengine, na msomaji huona kisanduku kitupu. Viungo vya nje viandikwe target="_top", ili ukurasa ushike dirisha zima na fremu zetu ziondoke.

Kanuni za HTML5 za mwaka 2014 ziliziondoa fremu za namna hii. Vivinjari bado huzionyesha, lakini chama kinachojenga tovuti mpya kisizitumie.

Ndugu Makatibu, kazi hii msimwachie fundi peke yake. Kwanza, bonyezeni kila kiungo, kwa kompyuta na kwa simu. Pili, andikeni daftarini jina la ukurasa, kiungo chenye kasoro, na mahali kilipofungukia. Tatu, malipo ya mwisho ya fundi yasitolewe kabla viungo vyote havijajaribiwa mbele ya mjumbe mmoja wa Kamati.

Hatukubali mizani isiyosomeka ghalani. Vivyo hivyo, tusikubali bei isiyosomeka katika tovuti ya chama.