NGUVU NA WEPESI WA VIJANA WETU

(Hotuba kwa machifu, walimu na wazazi)



Leo twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa ni la kupitisha wakati tu, nalo sivyo. Ni habari ya kuwafundisha vijana kupata mbio na nguvu za mwili. Kila mwaka shule zetu hufanya mashindano. Watu hutoka vijiji vya mbali, vigelegele hupigwa, na mshindi hubebwa mabegani. Lakini ni wachache wanaouliza: Je, kijana yule alitayarishwa namna gani? Na baada ya miaka mitano, atakuwa anakimbia bado, au atakuwa anachechemea? Maswali hayo mawili ndiyo yaliyotuleta hapa.

Kwanza hatuna budi kuondoa mawazo mawili yasiyo sawa. Wazo la kwanza husema kwamba watu wa Afrika ya Mashariki ni watu wa mbio ndefu tu, na kwamba mbio fupi na michezo ya nguvu ni ya wengine. Tazameni mambo yaliyotokea. Mwaka 1962, katika michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanywa Perth, Australia, Seraphino Antao wa Mombasa alishinda mbio za yadi 100 na za yadi 220. Mwaka 1972, huko Munich, Ujerumani, John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda, alishinda mbio za meta 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, naye alikuwa mtu wa kwanza duniani kuzimaliza chini ya sekunde 48. Mwaka 2015, Julius Yego wa Nandi alitupa mkuki meta 92.72 katika mashindano ya dunia mjini Beijing, akashinda. Na mwaka 2021, Ferdinand Omanyala alikimbia meta 100 mjini Nairobi kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika nzima. Basi tusiwafungie vijana mlango ambao ndugu zao wamekwisha kuufungua.

Wazo la pili husema kwamba mbio ni kipawa cha kuzaliwa, na asiyezaliwa nacho hana la kufanya. Neno hili ni kweli nusu. Mtu huzaliwa na mwili wake, lakini mwili hufundishika. Yego mwenyewe alijifunza mengi kwa kutazama katika intaneti picha za watupaji mikuki wa nchi nyingine, maana hakuwa na mwalimu wa mchezo huo karibu naye. Kipawa pasipo mafundisho ni kama mbegu njema iliyoachwa ghalani.

Sasa tueleze jinsi mwili unavyopata mbio na nguvu, kwa kuwa mwalimu asiyejua jambo hili hufundisha kwa kubahatisha. Mbio hutokana na vitu viwili. Cha kwanza ni mishipa ya fahamu, ambayo huchukua amri kutoka ubongoni na kuipeleka kwenye misuli. Cha pili ni misuli yenyewe, inayosukuma ardhi. Mtoto ambaye hajabalehe hupata nguvu zaidi kwa sababu mishipa yake ya fahamu inajifunza kuiamuru misuli vema; misuli yenyewe hainenepi sana. Akiisha kubalehe, mwili hutoa vichocheo vinavyokuza misuli, hasa kwa wavulana, na hapo ndipo nguvu huongezeka kwa haraka. Kwa hiyo utoto ni wakati wa kujifunza kukimbia vizuri, kuruka, kutua na kurusha. Ujana ni wakati wa kuongeza nguvu juu ya ujuzi huo. Samaki mkunje angali mbichi.

Lakini liko jambo jingine la kukumbuka. Mifupa ya kijana anayekua ina sehemu laini karibu na ncha zake, na huko ndiko mfupa unakorefuka. Sehemu hizo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Tena katika miaka ya kukua kwa haraka, mifupa hurefuka upesi, na kijana aliyekuwa mwepesi mwaka jana huonekana mzito na asiyejua aweke wapi miguu yake. Mwalimu asimcheke wala asimwite mvivu. Ampunguzie kazi, amrudishe katika mazoezi mepesi, naye wepesi wake utarudi.

Wako wazazi wanaoogopa kwamba mazoezi ya nguvu humdumaza mtoto. Hofu hiyo haina msingi, ikiwa mazoezi yana kiasi na mwangalizi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate mazoezi ya mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na kwamba angalau siku tatu katika juma wafanye yale yanayotia nguvu misuli na mifupa. Yanayoumiza ni mzigo uliopita kiasi, mwendo mbaya, na kutopumzika.

Sasa twaja kwenye kazi yenyewe.

Mazoezi yaanze kwa kupasha mwili moto kwa muda wa dakika kumi hivi: kukimbia polepole, kuinua magoti, kuzungusha mikono, kurukaruka kidogo. Kisha zifuate mbio fupi, kabla vijana hawajachoka, maana mtu aliyechoka hajifunzi mbio; hujifunza kuburuta miguu. Kwa mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili, meta 20 au 30 zatosha, mara nne hadi sita. Akimbie kwa nguvu zake zote, kisha arudi kwa kutembea na kupumzika. Waalimu wengi wa mbio hutumia kanuni hii: kwa kila meta 10 za kukimbia kwa nguvu zote, pumziko la dakika moja. Watu huona pumziko hilo kuwa uvivu, nalo ndilo siri ya mazoezi. Akiba ya nguvu ambayo misuli hutumia kwa kazi ya ghafula hupungua sana katika sekunde kumi hivi, na huhitaji dakika kadhaa kujaa tena. Mwalimu anayewakimbiza watoto mara kumi mfululizo bila pumziko hawafundishi mbio. Awafundisha kuvumilia uchovu tu, jambo lililo jingine.

Baada ya mbio, yafuate mazoezi ya nguvu. Hapa hakuna haja ya chuma wala mashine. Mwili wa kijana wenyewe ni mzigo wa kutosha. Achuchumae na kuinuka, mgongo ukiwa umenyooka na visigino vikiwa chini. Alale kifudifudi na kujiinua kwa mikono. Aning'inie katika tawi imara na kujivuta juu. Apande jiwe au ngazi kwa mguu mmoja mmoja. Aruke mbele kwa miguu miwili na kutua kwa utulivu, magoti yakiwa yamekunjwa wala hayagongani. Kila zoezi lifanywe mara nane hadi kumi na tano, kwa zamu moja mpaka tatu, siku mbili au tatu katika juma, na kati ya siku hizo iwepo siku ya kupumzika. Kilima kifupi cha meta 20 au 30 nacho ni mwalimu mwema: kijana akikipanda kwa mbio, hupata nguvu na mwendo kwa pamoja.

Kijana akikua na kuweza kazi hii bila kuharibu mwendo wake, aongezewe kidogo kidogo. Wayunani wa kale walikuwa na hadithi ya mpiga mieleka mmoja, Milo wa Croton, aliyembeba ndama kila siku mpaka ndama akawa ng'ombe mzima, naye akaweza kumbeba bado. Ni hadithi tu, lakini mafundisho yake ni kweli: mwili huzoea mzigo unaokua polepole. Haba na haba hujaza kibaba. Akii-Bua alifanya mazoezi huku amevaa vazi lililotiwa uzito; lakini alikuwa mtu mzima wa miaka 22, mwenye mwalimu wake. Mazoezi ya bingwa yasihamishwe yakawekwa mabegani mwa mtoto wa darasa la sita.

Na hapa, wakubwa wetu, twataka kusema neno lililo zito. Mara nyingi kijana mwenye kipawa haharibiwi na maadui. Huharibiwa na wanaompenda. Shule yataka kikombe. Kijana mmoja ana mbio kuliko wenzake, basi huandikwa katika mbio za meta 100, za 200, za 400, kuruka chini na kupokezana vijiti, zote katika siku moja. Na kesho yake hupelekwa kushindana tena. Akisema goti lauma, huambiwa ajikaze awe mwanamume. Maumivu chini ya kifuniko cha goti kwa kijana anayekua ni onyo kwamba mahali pale mshipa wa paja unapokamata mfupa pamechoshwa. Akipunguziwa mbio na kuruka, kwa kawaida hupona. Akilazimishwa, maumivu huzidi, naye huichukia michezo na kuiacha kabla hajafika umri wa nguvu zake. Kikombe hukaa kabatini kikapata kutu, kijana tumempoteza. Kati ya viwili hivyo, ni kipi kilicho mali ya kijiji?

Vivyo hivyo kijana mwenye homa asikimbizwe, hata kama mashindano ni kesho. Wala mbio zisitumiwe kuwa adhabu, maana mtoto anayeadhibiwa kwa mbio hatazipenda kamwe.

Tuseme pia habari ya mabinti zetu. Mvulana atokapo shule huenda uwanjani. Msichana hurudi nyumbani, akateka maji, akatafuta kuni, akapika, kisha twasema wasichana hawawezi michezo. Kubeba debe la maji kwampa uvumilivu, lakini hakumfundishi kukimbia kwa kasi, na humwacha amechoka kabla ya mazoezi. Hatusemi aache kazi za nyumbani. Twasema kazi hizo zigawanywe na kaka zake, hata binti apate angalau siku mbili katika juma za kufika uwanjani. Mazoezi ya nguvu yanamfaa sana, maana humkinga magoti yake na kuimarisha mifupa yake kwa maisha yote.

Chakula na usingizi ni nusu ya mazoezi. Mwili haujengwi wakati wa kukimbia, bali wakati wa kupumzika baada ya kukimbia. Kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi. Ugali peke yake hautoshi: yafaa apate maharagwe, maziwa, mayai au dagaa, pamoja na mboga za majani na matunda. Tena awe na maji safi ya kunywa uwanjani.

Basi, machifu, twawaomba jambo moja: uwanja. Kipande cha ardhi tambarare cha meta 60, kilichofyekwa na kuondolewa mawe na visiki, kinatosha kwa mazoezi yote tuliyoyataja. Walimu, twawaomba daftari: andikeni jina la kila kijana, urefu wake kila baada ya miezi mitatu, na mashindano aliyokimbia, ili mjue nani anakua kwa haraka na nani amechoshwa. Wazazi, twawaomba subira. Bingwa wa miaka kumi na miwili si lazima awe bingwa wa miaka ishirini, na mtoto anayechelewa kukua leo huenda akawapita wote kesho, mradi hatujamfukuza uwanjani.

Tukifanya hayo, hata wale wasioshinda kikombe chochote watakuwa watu wenye miili imara, wawezao kulima, kujenga na kulea watoto wao bila kulalamika magoti. Na akitokea mmoja kati yao wa kusimama mbele ya mataifa, atasimama akiwa mzima.